Mjomba Aliyeandika Sifuri

Mjomba wangu aliandika sifuri nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Kaunta buku zake zimejaa hizo: 0.0, 0.0, 0.0, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko wa watu waliosoma enzi ambazo mwalimu alikuchapa vidole ukipinda herufi. Februari nzima sifuri, halafu 2.4, halafu sifuri tena. Nikiwa kidato cha pili nilimuuliza kwa nini asiache tu nafasi wazi siku ambayo haikunyesha, aokoe wino. Akanitazama kama niliyetukana kanisani.

"Mpwa wangu, ukiacha nafasi wazi, hukuangalia. Ukiandika sifuri, uliangalia ukakuta hakuna. Hao ni watu wawili tofauti, na mmoja wao halipwi mshahara."

Alikuwa kaka wa mama yangu, Mtaita wa Wundanyi aliyekuja Nairobi kijana na kuajiriwa mwaka 1970 na Idara ya Hali ya Hewa, wakati huo ikiwa bado ya Afrika Mashariki nzima. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 aliingia kazini asubuhi akiwa mtumishi wa nchi tatu na baadaye akajikuta mtumishi wa moja, ila vipimo, alisema, vilisomwa saa ile ile. Alistaafu mwaka 2003 akiwa na miaka 55, kabla umri wa kustaafu serikalini haujasogezwa hadi 60. Alifariki Julai 2024.

Wasifu tuliosoma mazishini ni ule ambao Mkenya yeyote anaweza kuukariri macho yakiwa yamefumba: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaoa, akabarikiwa na watoto, akaugua, akalala. Mapenzi yake yalipewa sentensi moja: "Alipenda mvua, ndege na redio." Kamati ilisema programu ni ya kurasa nne na picha lazima ziingie, hasa picha za wajukuu. Basi haya ni yale yaliyokosa nafasi.

Watu wakisikia mtu wa hali ya hewa hudhani ni yule wa kwenye runinga anayekwambia ubebe mwavuli. Mjomba alikuwa mpimaji. Majirani walipomsimamisha getini kumuuliza mvua itaanza lini wapande maharagwe, alikuwa na jibu moja tu: "Mimi ni wa jana. Wa kesho wako ghorofani." Kazi yake ilikuwa nje, kwenye kiwanja cha nyasi fupi pale Dagoretti Corner, hatua chache kutoka kelele za Ngong Road. Kuna kisanduku cheupe chenye kuta za vibao, ndani yake vipimajoto, kimoja kikiwa kimevishwa kitambaa chenye maji. Kuna mpira wa kioo unaokusanya miale ya jua na kuchoma mstari kwenye kadi. Wingu likipita, mstari unakatika, na jioni mtu anapima urefu wa mchomo kujua jua liliwaka kwa saa ngapi. Kuna sinia pana la maji la kupimia mvuke. Na kuna kipimamvua, ambacho husomwa saa tatu kamili asubuhi, yaani saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Greenwich, ili kipimo cha Nairobi kilingane na vya wenzake duniani. Kituo cha Dagoretti kina namba yake ya kimataifa, 63741. Mjomba aliwahi kusahau namba ya kitambulisho chake mbele ya karani wa benki, lakini hiyo hakuisahau hata wiki ya mwisho hospitalini.

Alipenda zaidi zamu za kurusha puto. Unalijaza hidrojeni, huruhusiwi kuwasha hata kiberiti, kisha unaliachia likiwa limening'iniza kijisanduku kinachotuma kwa redio habari za joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Linapanda zaidi ya kilomita 20, linapasuka, na kijisanduku kinaanguka kinakojua chenyewe. Hadithi zake za vijisanduku vilivyopelekwa kwa chifu vikidhaniwa ni mabomu zilirefuka kila Krismasi, na sitaapa kwamba zote zilitokea.

Alipostaafu, wenzake wengi walirudi ushago. Yeye alibaki kwenye ploti yake ndogo mtaa wa Satellite, upande wa Dagoretti, na mwezi wa kwanza wa pensheni akachukua matatu hadi Kamukunji akiwa na mchoro. Alitaka mafundi wa mabati wamtengenezee kipimamvua: mdomo wa duara wa inchi 5, yaani milimita 127, ukingo mkali uliochongwa ili tone likigonga ligawanyike sawasawa, chini yake faneli, na ndani chupa ya kupokea. Fundi alimuuliza kama ni kipimo cha pombe. Mara ya kwanza mdomo ulitoka umebonyea kidogo upande mmoja. Ungekuwa mtungi wa maziwa hakuna ambaye angejali, lakini Mjomba alirudi nao. Alimweleza fundi kwamba kila tarakimu atakayoiandika maisha yake yote yaliyobaki itategemea duara lile. Fundi, ambaye nadhani hakuwahi kuambiwa maneno mazito hivyo kuhusu bati, alilirudia bila kudai nyongeza, na kwa miaka mingi Mjomba alipopita Kamukunji alimpelekea jumla ya mvua ya mwaka, imeandikwa kwenye kikaratasi.

Kukipata kipimamvua kulikuwa rahisi kuliko kukipatia mahali. Sheria ni kwamba kisimame mbali na mti au nyumba, angalau mara mbili ya kimo cha kitu hicho, la sivyo upepo unapinda mvua au majani yanadondosha maji baada ya mvua kwisha. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100 katikati ya nyumba za ghorofa, hesabu hiyo haina jibu. Alikata mparachichi. Anti, mkewe, hakumsamehe kwa hilo, na nina ushahidi, kwa sababu hata kwenye matanga aliutaja mparachichi kabla ya kutaja ugonjwa. Jirani alipoongeza ghorofa ya tatu, Mjomba aliandika kwenye daftari tarehe ya kila mstari wa mawe, ili yeyote atakayesoma baadaye ajue kwamba kuanzia hapo mvua ya kutoka mashariki huenda imepungua kwa sababu ya mtu na si kwa sababu ya Mungu.

Saa tatu asubuhi ilitutesa sote. Harusi ya binamu yangu ilicheleweshwa kuondoka nyumbani kwa sababu baba wa bwana harusi alikuwa uani amechuchumaa, glasi ya kupimia ikiwa usawa wa jicho, akisoma chini ya mpindo wa maji. Safari za ushago alizikubali tu akipata mtu wa kumsomea, na asipompata, aliporudi aliandika jumla ya maji aliyoyakuta, akaunganisha siku zote alizokuwa hayupo kwa mabano, na kando akaandika "sikuwapo". Hakuwahi kuigawanya jumla ile kwa idadi ya siku ili ukurasa upendeze. Julai, mwezi wa baridi na giza ambapo Nairobi hunyunyiziwa asubuhi nzima bila kulowa, aliandika Tr, alama ya manyunyu yasiyofika kupimika. Ukimsalimu asubuhi kwa habari, ungeweza kujibiwa "Saba kwa nane, lakini halina kitu", kwa maana anga imegawanywa mafungu nane na saba yamefunikwa. Wageni walidhani anataja mgao wa urithi.

Usinielewe vibaya, hakuwa mtu wa kupima ili apime. Alikuwa na hesabu moja aliyoipigia debe mtaa mzima: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita 1 ya mraba. Alikuwa akiingia kwa jirani, anapima paa kwa hatua zake, anarudi na kikaratasi. Paa la mita za mraba 80 likinyeshewa milimita 25 usiku mmoja linapokea lita 2,000. Toa kiasi cha kumwagika na cha kuosha vumbi la paa, bado una maji ya kufulia kwa majuma. Na hawa ni watu wanaopangiwa siku za maji na kununua mitungi ya lita 20 kwa mkokoteni, huku wakisubiri habari za bwawa la Ndakaini kupungua. Wengi walicheka. Waliofunga mifereji na kuweka tangi walikuwa wale wale waliopewa kikaratasi chenye paa lao wenyewe. Nililiona hilo nikaliweka akilini: takwimu za Nairobi nzima hazikumgusa mtu, ila za paa lake mtu alizisoma mara mbili.

Hata hivyo aliudhika ukimwambia "Leo Nairobi imenyesha." Nairobi gani? Upande wa magharibi, kuanzia Dagoretti kuelekea Ngong na Limuru, mwinuko ni mkubwa na mvua ni nyingi. Ukishuka kuelekea Embakasi na uwanja wa ndege nchi inakuwa kavu zaidi. Mimi nikiwa naishi Umoja, upande huo mkavu, alinipigia simu jioni za Aprili: "Kwenu vipi?" Vumbi. Kwake mitaro imefurika. Alinifanya niweke kopo la maziwa ya unga kwenye roshani, kisha akalikataa kopo hilo kwa sababu roshani ina paa la jirani juu yake. Alikuwa na kauli ambayo niliikumbuka sana wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, Mathare ilipozolewa na maji na Mai Mahiu kulipoangamia watu usiku: jumla ya siku haisemi ukweli wote. Milimita 30 usiku kucha ni baraka kwa mkulima; milimita hizo hizo kwa nusu saa ni watu wa Mukuru kuhama na magodoro kichwani. Ndiyo maana pembeni mwa tarakimu aliandika pia saa ya kuanza na saa ya kukoma, kwa kuamka usiku na kutazama saa ya ukutani. Mwaka huo alikuwa akitembelea fimbo, kipimo kikisomwa na msichana wa jirani, lakini saa za kuanza na kukoma bado ziko kwa mwandiko wake.

Alihesabu ukame pia. Ule wa 1984, wa mahindi ya manjano ya msaada, ulimkuta akiwa kazini, na ule wa 2000, tulipokaa gizani kwa mgao wa umeme kwa sababu mabwawa yalikauka. Alisema mvua za El Niño za 1997 na 1998 kila mtu anazikumbuka kwa sababu barabara zilikatika, ila ukame unaingia kimyakimya, na hakuna anayeuona ukianza isipokuwa karani mwenye kurasa za sifuri.

Sasa niseme lililonigusa mimi, kwa sababu sikuwa mtu wa mvua. Nilipata kazi ya stoo ya dawa katika kituo kimoja cha afya cha umma huku Eastlands. Kila dawa ina kadi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Nilikuta kadi zenye mapengo ya wiki nzima. Paketi za chumvi za kuongeza maji mwilini, kwa mfano: mwezi mmoja zimetoka 400, mwezi unaofuata 150, mwezi wa tatu 160. Fomu ya kuagiza inakutaka uchukue wastani wa matumizi. Ukichukua hivyo, unaagiza kidogo, na mwezi wa nne akina mama wanarudishwa nyumbani wakiwa na watoto wanaoharisha. Nilimweleza Mjomba tukiwa uani kwake tukinywa chai. Aliuliza swali moja: katika ile miezi ya 150 na 160, stoo ilikuwa na paketi siku ngapi?

Sikujua, kadi haikusema. Nikaenda kuchimba kwenye vitabu vya kupokelea. Katika miezi hiyo miwili, paketi zilikuwa zimekwisha wiki ya pili.

"Basi hizo siku zenu si sifuri," alisema. "Kipimamvua kilikuwa kimefunikwa. Mvua ilinyesha, ninyi mkawa hamna pa kuipokelea, kisha mkaandika kwamba haikunyesha. Mwaka ujao mtu wa mbali atasoma aseme huko Eastlands watoto hawaharishi."

Tangu siku hiyo kadi zangu zina alama mbili. Dawa ikiwapo na hakuna aliyeihitaji, naandika 0. Dawa ikiwa imekwisha, napiga mstari mwekundu kwa kila siku, na siku hizo zinatolewa kwenye hesabu ya wastani. Si uvumbuzi, miongozo ya ugavi wa dawa inasema vivyo hivyo, kwamba siku za upungufu zirekebishwe kabla ya kuagiza. Lakini nilikuwa nimeisoma miongozo ile kwenye semina, nikaweka sahihi, nikala chakula cha mchana. Ilinibidi nisikie habari ya bati la Kamukunji ndipo iniingie. Wenzangu wa zamu walinung'unika juu ya mstari mwekundu miezi kadhaa, mpaka mkaguzi alipokuja na kuuliza ni nani aliyeuanzisha, nao wote wakasema ni wao.

Ndege walikuja baada ya mvua, na nadhani kwa sababu ya mvua. Kila mwaka karibu na vuli mbayuwayu huwasili kutoka Ulaya, na keremkerem, na Mjomba alianza kuwaandika kwenye safu ya maoni. Halafu kuna kekeo, yule ambaye wazee wengi husema akilia mvua i karibu. Mjomba alimwandika siku ya kwanza anapolia kila msimu, kando ya siku ya kwanza ya mvua. Nilipomuuliza matokeo, alikataa kata kata kuyasema: "Bado ni miaka michache." Alikuwa ameshaandika zaidi ya kumi.

Mwenzake wa zamani alimpeleka kwenye matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Ni matembezi ya chama cha Nature Kenya, ambacho mizizi yake ni ya 1909, na yalianzishwa mwaka 1971 na Fleur Ng'weno, mama ambaye amewafundisha watu wa Nairobi kutazama juu kwa zaidi ya nusu karne. Hapo Mjomba, mtu wa maneno machache, akageuka. Nilikwenda naye nikiwa likizoni. Tulianza na kwarara, wale wanaopiga kelele alfajiri na kuamsha mtaa mzima, tukaenda City Park kati ya kima wanaoiba ndizi, na siku nyingine aliwaonyesha vijana kongoti waliojazana juu ya migunga ya Mombasa Road, karibu na Nyayo, vipara na mifuko ya shingo ikining'inia. Watu hupita chini wakiziba pua. Yeye alisema ndiye ndege pekee wa Nairobi anayefanya kazi ya kaunti bila kugoma.

Baadaye alijiunga na mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, Kenya Bird Map. Nchi imegawanywa vipande vya takriban kilomita 9 kwa 9. Unachagua kipande, unatazama kwa saa mbili au zaidi, unaandika kila aina kwa mpangilio uliowaona. Nilimfundisha kutumia simu kutuma orodha. Lililomfurahisha si ndege wa ajabu. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 na wapo wanaosafiri hadi Turkana kumfuata mmoja. Yeye alifurahi kwamba orodha inapaswa kuwa kamili, na hivyo ndege asiyekuwamo naye anasema jambo. "Hawa watu wanaelewa kazi," aliniambia. Alirudia kipande kile kile cha Dagoretti na Ngong Road mwaka baada ya mwaka. Nilimwambia aende Naivasha abadilishe macho. Akasema Naivasha ina watu wengi wa kuitazama, ila Kawangware nani atamtazamia kunguru wake?

Redio nitaipitia haraka, si kwa sababu aliipenda kidogo bali kwa sababu sikuwahi kuielewa. Usiku alikaa na masafa mafupi, yanayorudishwa ardhini na tabaka la juu la anga na kusikika bara jingine. Alisikiliza idhaa za Kiswahili za kutoka London, Cologne, Tehran, Beijing, na kwa kila moja aliandika tarakimu tano, kutoka 1 hadi 5: nguvu ya mawimbi, muingiliano wa vituo vingine, makelele, kupwa na kujaa, na hali kwa jumla. Aliwatumia barua kwa posta nao wakamrudishia kadi zenye picha za madaraja na milima yenye theluji. Anti alizibandika jikoni. Vituo vilipoanza kuhama masafa mafupi kimoja kimoja, Mjomba aliendelea kuviwinda mahali pake pa zamani kila Jumapili na kuandika "kimya". Hapo nakiri nilidhani amezidi.

Tulimzika Wundanyi. Wenzake wa Jumatano walikodi matatu kutoka Nairobi usiku kucha, wakafika kabla ya jua, wakaona ibada ni saa nne. Sasa, ukiwa mtazamaji ndege na umefika Taita saa kumi na mbili asubuhi, kuna jambo moja tu la kufanya. Msitu wa Ngangao uko karibu, na apalisi wa Taita, kijindege kilicho hatarini kabisa kutoweka, hakipatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye mabaki ya misitu ya vilima hivyo. Wakaenda wamevaa suti na viatu vya matope, darubini shingoni. Walirudi ibada imeshaanza, majani yamewanata mabegani, wakasimama nyuma wakinong'onezana. Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kwa sauti kama hao ni wa dini gani. Kasisi, ambaye alimjua Mjomba, alisimamisha mahubiri akawauliza: mmemwona? Wakasema wamemsikia tu. Nilimwona mmoja wao akitoa simu na kuandika hivyo hivyo, amesikika, hakuonekana.

Orodha za ndege ziko salama kwa kuwa zilitumwa. Za mvua ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na kipimamvua hakisomwi tena. Msichana wa jirani ameenda shule ya bweni na mimi saa tatu asubuhi huwa dirishani nagawa dawa. Binamu yangu alichukua redio akaenda nayo Kitengela. Ninachofanya mwishoni mwa wiki ni kupiga picha kurasa, moja moja, nikianza na 2003. Kazi inakwenda polepole kwa sababu nasoma kando kando, pale alipoandika bei ya unga, au kuzaliwa kwa mtu, au "Anti amekasirika, mparachichi tena". Nimekwama kwenye daftari la 2014. Kuna mtu alimwaga chai juu ya Aprili yote, na wino umeogelea. Anti anasema ni binamu. Binamu anasema mwaka huo hakuwa akinywa chai, alikuwa na vidonda vya tumbo, na muulizeni daktari. Nimezikausha karatasi juani, nimezitazama kwa tochi kutoka nyuma, na hadi sasa nimepata tarehe tisa, kumi, na nusu ya kumi na moja.